Seva inaganda kwenye skrini ya kuingia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mwanza na mwambao wa ziwa

Majibu haya ni ya wenye seva ndogo: duka la jumla, famasia, shule, SACCOS, lodge, ofisi ya wasindika samaki. Mashine moja imefungiwa chumbani, inahudumia kompyuta chache, na hakuna anayeigusa hadi siku igome. Wengi wanaopiga simu huwa wameshachomoa waya, kwa hiyo tunaanza na hilo.

Fundi, seva imeganda. Inaonyesha saa na picha tu, haipokei nenosiri. Nichomoe waya?

Usichomoe bado. Skrini ya kuingia ni programu moja kati ya nyingi zinazoendeshwa na seva, na mara nyingi ndiyo pekee iliyoganda. Nyuma yake hifadhidata huenda inaandika mauzo kama kawaida, printa inatoa risiti, na mhudumu wa kaunta hana habari ya tatizo lolote. Ukichomoa waya unakata maandishi katikati: faili la stoo linabaki nusu, na kesho mnahesabu katoni mojamoja. Kabla ya kugusa chochote piga kelele kaunta uulize kama wanauza. Wakisema wanauza, seva iko hai na una muda hadi mfunge.

Nitajuaje kama imekufa yote au ni skrini peke yake?

Bonyeza Num Lock kwenye kibodi ya seva mara mbili tatu. Taa yake ikiwaka na kuzima, kerneli, yaani kiini cha mfumo, bado inafanya kazi. Kisha nenda kwenye kompyuta nyingine ya ofisi, fungua dirisha la amri, andika ping na anwani ya seva: amri hiyo inaiuliza mashine kama inasikika mtandaoni. Mwisho, fungua folda ya pamoja iliyoko kwenye seva na usome faili ambalo hakuna aliyelifungua leo.

Hicho cha mwisho ndicho kipimo chenye uzito. Pingi hujibiwa na kerneli moja kwa moja kutoka kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine, bila kugusa diski, kwa hiyo seva ambayo diski yake imekwama hujibu pingi vizuri kabisa huku haiwezi kufungua hata faili moja. Pingi ikijibu na folda zikafunguka, tatizo lako ni la picha au la programu ya kuingia, na linatibika bila kuzima. Pingi ikijibu lakini folda zikazunguka tu, mshukiwa wako ni diski au RAM iliyojaa. Vyote vikinyamaza, mashine imeganda yote. Tazama pia taa ya diski: ikiwaka mfululizo bila kupepesa, diski imeelemewa au inahangaika na sehemu iliyoharibika.

Fanya pingi hiyo leo, seva ikiwa nzima. Fayawoli ya Windows inaweza kuzuia pingi hata kama hakuna tatizo, na siku ya msiba utadhani imekufa kumbe ilikuwa haijibu tangu mwanzo.

Taa ya Num Lock haibadiliki. Ndiyo imekwisha?

Si lazima. Mlango wa USB unaweza kuwa umelazwa ili kuokoa umeme. Hamisha kibodi kwenye mlango mwingine, hasa wa nyuma, usubiri nusu dakika. Kama mnatumia kisanduku cha kubadilishia kibodi na skrini kati ya mashine mbili, kipite, chomeka moja kwa moja.

Huduma zinaendelea, skrini tu ndiyo imegoma. Nifanyeje bila kuzima?

Kwenye Windows Server 2016 na za baadaye bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Hapo draiva ya skrini inaanzishwa upya. Skrini itazima na kuwaka mara moja, na programu zilizofunguliwa haziguswi. Kisha jaribu Ctrl+Alt+Del.

Ikikataa, ingia kutoka kompyuta nyingine kwa Remote Desktop, programu ya Windows ya kuendesha mashine ukiwa mbali. Mara nyingi utaingia bila shida, ufunge kazi kwa utaratibu na uiwashe upya usiku. Remote Desktop nayo ikigoma, andika qwinsta /server: ukifuatisha jina la seva. Utaona orodha ya waliomo na namba zao, na yule aliyekwama unaweza kumtoa kwa amri ya rwinsta. Hatua ya mwisho kwa njia hii ni shutdown /r /m \\JINA /t 0, ukiwa na akaunti yenye mamlaka juu ya seva. Ni bora mara kumi kuliko kuchomoa waya, maana huduma zinaagizwa kufunga mafaili yake kwanza.

Kwenye Linux bonyeza Ctrl+Alt+F3 upate skrini nyeusi ya maandishi, au ingia kutoka kompyuta nyingine kwa SSH. Tazama RAM kwa free -h na nafasi kwa df -h. Vyote vikiwa sawa, anzisha upya huduma ya picha peke yake: systemctl restart gdm3, au lightdm, kutegemea uliyonayo. Aliyekuwa ameacha kazi wazi kwenye skrini ile ataipoteza, lakini hifadhidata na mafaili ya pamoja yanaendelea.

Imeganda yote kweli. Nizime vipi kwa madhara madogo?

Kwanza piga picha ya skrini kwa simu, na uandike saa inayoonekana pale. Saa iliyoganda ni ushahidi: inakuambia ni lini skrini ilikufa.

Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja, kwa kifupi, uondoe kidole. Ni ombi la kuzima kwa utaratibu. Ipe dakika kumi nzima. Windows ya seva ikiwa kwenye skrini ya kuingia wakati mwingine hupuuza kitufe hicho, na ndiyo maana amri ya kutoka kompyuta nyingine hujaribiwa mapema. Kwenye Linux ya Ubuntu shika Alt na SysRq, ambayo huwa ni kitufe kilekile cha Print Screen, kisha ubonyeze S, U na B ukipumzika sekunde chache kati ya herufi na herufi. S inaandika diskini kila kilichokuwa kinasubiri, U inafunga diski zisiandikwe tena, B inawasha upya. Ubuntu huja ikiwa imeruhusu herufi hizo tatu.

Hayo yote yakishindikana ndipo unashikilia kitufe hadi izime, tena wakati taa ya diski imetulia. Ikishawaka, kagua hifadhidata kabla ya kuruhusu kaunta waendelee.

Kila asubuhi tunaikuta imeganda. Mchana haina neno. Kuna nini usiku?

Hili ndilo tunaloulizwa kuliko yote, na karibu kila mara jibu limo katika moja ya mambo manne.

La kwanza ni kuokoa umeme. Windows Server huja na mpango wa umeme wa wastani, ambao hulaza diski baada ya dakika 20 za ukimya na hulaza milango ya USB. Mashine nyingine haziamki vizuri kutoka katika usingizi huo. Weka mpango wa utendaji wa juu, diski zisizimwe kamwe, na kwenye mipangilio ya kadi ya mtandao ondoa ruhusa ya kuzimwa ili kuokoa umeme. Kwenye Linux yenye mazingira ya picha ya GNOME hali ni kali zaidi: tangu toleo la 3.28 la mwaka 2018 mashine hulala yenyewe baada ya dakika 20, hata ikiwa kwenye umeme wa ukutani, na skrini ya kuingia hufuata kanuni hiyohiyo hata kama hakuna aliyeingia. Mtu anafunga ofisi Kirumba saa kumi na mbili jioni, na kabla hajafika Buzuruga seva imelala. Dawa ni amri moja: systemctl mask sleep.target suspend.target hibernate.target hybrid-sleep.target.

La pili ni kazi za usiku. Nakala za akiba, ukaguzi wa virusi na masasisho mara nyingi hupangwa saa zilezile za usiku wa manane, na kwenye diski moja ya kuzunguka zote tatu hugombania sindano moja. Zitenganishe kwa saa mbili mbili. Kama skrini inasema masasisho yanasakinishwa na taa ya diski inapepesa, iache. Kuikatisha hapo ndiyo njia ya haraka ya kupata Windows isiyowaka kabisa.

La tatu ni radi. Juu ya Ziwa Victoria ngurumo hupamba moto usiku hadi alfajiri, wakati upepo wa nchi kavu kutoka pande zote unapokutana juu ya maji yenye joto. Seva haihitaji kupigwa na radi ili igande. Mtikisiko mdogo kwenye umeme, au kwenye kebo ndefu ya mtandao iliyopita nje kwenda jengo la pili, unatosha.

La nne ni RAM inayoliwa na programu polepole siku nzima hadi usiku inafika mwisho. Hilo lina swali lake hapa chini.

Kuyatofautisha tumia saa. Ikiganda kila siku saa ileile, ni kazi iliyopangwa. Ikiganda dakika chache baada ya watu kuondoka, ni usingizi. Ikiganda ovyo, anza na umeme, diski na RAM.

Event Viewer, daftari la matukio la Windows, ina mistari maelfu. Nisome ipi?

Nenda kwenye kumbukumbu za System, panga kwa saa, na usome saa moja kabla ya tukio namba 6008. Tukio hilo linasema mfumo ulizimika bila kutarajiwa na linataja saa ya mwisho uliyojulikana kuwa hai. Namba 41 ya Kernel-Power inawatisha watu bure: inasema tu kwamba mashine iliwaka bila kuwa imezimwa vizuri, na wewe uliyeshikilia kitufe ndiye uliyeiandika.

Zenye maana ni hizi. 129 ni ombi kwa diski lililokosa jibu hadi kidhibiti kikaizindua upya. 153 ni ombi lililorudiwa. 7 ni sehemu mbovu ya diski. 2004 ya Resource-Exhaustion-Detector ni kumbukumbu iliyokwisha, na inazitaja kwa majina programu tatu zilizokula zaidi. Ukiona 129 zinajirudia kabla ya kila kuganda, acha kuhangaika na skrini ya kuingia. Badilisha kebo, kisha diski.

Kama hakuna mstari wowote kwa saa kadhaa kabla ya 6008, hiyo nayo ni habari. Mfumo haukuweza hata kuandika, kwa hiyo ama diski ilitoweka au mashine iliganda ghafla, na huko unatafuta vifaa: RAM, umeme, joto.

Kwa Linux andika journalctl -b -1 -e usome mwisho wa maisha yaliyopita. Ikisema haina rekodi, tengeneza folda ya /var/log/journal, uanzishe upya mashine, na safari ijayo zitakuwepo.

Tuna programu ya mauzo inayotumia hifadhidata ya SQL Server. Inahusika?

Mara nyingi, na wasambazaji wengi wa programu za mauzo hawalisemi. SQL Server ikisakinishwa bila kuguswa, kikomo chake cha RAM ni megabaiti 2,147,483,647, yaani hakuna kikomo. Imetengenezwa ichukue RAM yote inayoipata na ishikilie. Usiku mfumo unapotaka nafasi ya kuonyesha skrini ya kuingia haupati, unaanza kutumia diski badala ya RAM, na asubuhi unakuta picha isiyosogea. Kwenye seva ya GB 16 iwekee SQL Server kikomo cha GB 10 au 12, mfumo ubaki na zinazosalia. Toleo la Express lina kikomo chake kidogo cha karibu MB 1,410 kwa data, hivyo kama ni hilo ulilonalo tafuta mla RAM mwingine.

Inapokea nenosiri, halafu inazunguka "subiri" nusu saa.

Hapo haijaganda, inamsubiri mtu asiyekuja. Kama mashine ni mwanachama wa kikoa, yaani kundi la mashine zinazosimamiwa na seva kuu moja, huuliza DNS, kitabu cha anwani cha mtandao, iko wapi seva kuu ya kikoa. Ofisi nyingi zimeweka 8.8.8.8, anwani ya Google, kwenye DNS ili "intaneti iwe na kasi", na Google haijui seva yenu ya ndani iko wapi. Rudisha DNS ielekee seva ya kikoa; hiyo seva ndiyo iulize nje.

Ukimaliza tazama saa. Kikoa hakivumilii tofauti ya zaidi ya dakika 5 kati ya mashine na mashine. Seva ikiamka na tarehe ya miaka iliyopita, betri ndogo ya CR2032 kwenye bodi imekwisha, na ni kitu cha bei ndogo kinachouzwa hata kwa mafundi saa.

Tuna UPS, kwa nini bado inaganda umeme ukikatika?

UPS nyingi za bei nafuu huachia mashine itumie umeme wa ukutani na kuhamia betri pale tu unapokatika. Betri ikiwa ya miaka mingi, tena chumba cha joto, uhamiaji huo unayumba. Nyingine hutoa umeme wa ngazi ngazi badala ya wimbi laini, na baadhi ya pawasaplai za seva haziupendi. Ijaribu mwenyewe: chomeka balbu au mashine isiyo na kazi kwenye UPS, zima soketi, uone inashika dakika ngapi. Fanya hivyo pia jenereta inapoingia, maana volti zake hupanda na kushuka kabla haijatulia, na hapo UPS nyingine huruka huku na huku.

Liko jambo jingine ambalo Mwanza tunalibeba kuliko miji mingi: ardhi. Vilima hivi ni itale. Ukijenga Bugando, Mabatini au Capri Point udongo ni shubiri chache, chini yake mwamba, na fimbo ya ethi iliyopigwa hapo haipati udongo wenye unyevu wa kupokea umeme. Fimbo inaonekana ipo, waya wa kijani upo, lakini kinga haipo. Seva isiyo na ethi nzuri huganda kwa sababu zisizoeleweka, mara USB zinapotea, mara kadi ya mtandao inanyamaza. Mwite fundi umeme mwenye kipimo cha ethi apime, asikague kwa macho. Ikibidi, fimbo kadhaa ziunganishwe pamoja, au waya upelekwe kwenye bonde lenye udongo. Hakuna matumizi ya fedha kwenye seva ninayoyaona yana maana zaidi ya haya.

Wale wadudu wa ziwani wanaweza kuigandisha seva?

Ndiyo. Wale wadogo wanaoinuka ziwani kama moshi hufuata taa, na chumba cha seva chenye taa inayowaka usiku na dirisha linalotazama ziwa kinawapokea wote. Feni huwavuta, wanajazana kwenye mapezi ya kupoza prosesa, na joto linapanda hadi mashine inajipunguza mwendo au kuganda. Zima taa ya chumba, weka wavu mwembamba dirishani, fungua kasha na kulipuliza kila wadudu wanapopita. Shikilia feni kwa kidole unapopuliza ili isizunguke kupita kiasi. Seva iliyo karibu na mwalo pia hupata vumbi la dagaa, ambalo lina mafuta na halitoki kwa hewa peke yake. Tumia brashi laini.

Nitajuaje kama RAM yenyewe ni mbovu?

Windows ina kipimo chake, andika mdsched. Kwa uhakika zaidi tumia Memtest86+ kutoka kwenye flashi, iache usiku mzima. Kosa hata moja linatosha kuibadilisha.

Tumeacha Remote Desktop wazi ili bosi aingie akiwa safarini. Ina uhusiano?

Una uhusiano na una hatari kubwa zaidi ya kuganda. Mlango wa 3389 ukiwa wazi kwenye intaneti, programu za wezi huujaribu mchana na usiku. Fungua kumbukumbu za Security utafute namba 4625. Kila moja ni jaribio lililoshindwa, na zikiwa maelfu, skrini ya kuingia inazidiwa. Funga mlango huo leo. Bosi aingie kwa VPN, yaani njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi.

Tuondoe kabisa kujifunga kwa skrini?

Hapana. Kwenye chumba wanachopita watu wa usafi na wa viyoyozi, skrini wazi ya seva ni hatari. Ondoa skrinseva zenye michoro, weka ya giza tupu, kufuli ibaki.

Seva yetu ni kompyuta ya kawaida ya Windows 10. Ushauri?

Windows 10 iliacha kupokea msaada wa kawaida Oktoba 14, 2025, na hata ilipokuwa hai haikuruhusu zaidi ya mashine 20 kuunganika kwa pamoja. Panga kuhama. Wenye Windows Server 2012 R2 wamechelewa zaidi, msaada wake uliisha Oktoba 10, 2023.

Seva iko Nansio, Ukerewe, mtu wetu wa kompyuta yuko Mwanza mjini. Kila ikiganda tunasubiri meli.

Sengerema afadhali, tangu Juni 2025 kuna daraja la Kigongo hadi Busisi. Ukerewe bado ni maji. Ukinunua seva ya huko hakikisha ina kadi ya usimamizi inayojitegemea: iDRAC kwa Dell, iLO kwa HPE. Kadi hiyo ina prosesa yake na mlango wake wa mtandao, inafanya kazi hata seva ikiwa imezimwa mradi umeme upo, na kwa leseni inayofaa unaiona skrini iliyoganda ukiwa Nyegezi na kubonyeza kitufe kutoka huko. Seva nyingi zilizotumika zinazouzwa mjini zinayo tayari, haijawahi kuchomekwa kebo. Ibadilishe nenosiri la kiwandani, na uipitishe kwenye VPN.

Nikikuita, niandae nini?

Picha ya skrini yenye saa iliyoganda, matokeo ya Num Lock, pingi na folda, na jina la aliyekuwa wa mwisho kuitumia. Andika pia kilichobadilika wiki hiyo: printa mpya, antivirusi mpya, fundi umeme aliyepita, kiyoyozi kilichohamishwa. Na nakala ya akiba ya mwisho, ikiwa kwenye diski iliyochomolewa kutoka kwenye seva, kwa sababu bila hiyo sitaanza kupima diski.